Kwa Nini Kola ya Ndovu Hulala

Wakazi wengi huuliza: ikiwa ndovu amevishwa kola ya setilaiti, mbona askari wa wanyamapori hawajui alipo kila dakika?

Jibu ni betri. Kola hupokea mawimbi ya setilaiti kadhaa ili kujua mahali mnyama alipo, kisha hutuma habari hiyo. Kazi zote mbili hula chaji, na hakuna wa kumchaji ndovu kila jioni. Kubadilisha betri ni lazima mnyama adungwe dawa ya usingizi, jambo ghali na lenye hatari. Basi kola hulala, huamka, hupima, hulala tena.

Mnamo Januari 2004, mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton ulijaribu mbinu nyingine hapa Kenya, karibu na Nanyuki. Punda milia walivishwa kola za sola zilizopima mahali kila baada ya dakika 8. Badala ya kila kola kurusha mawimbi mbali, punda milia waliokaribiana walipokezana habari. Mtafiti akimfikia mmoja kwa gari, alipata na za wenzake.

Hasara yake ni kuchelewa. Kwa mtafiti si neno, lakini kwa mwenye shamba ni balaa. Kola ikipima mara moja kwa saa, ndovu aendaye kilomita 5 kwa saa huenda akawa tayari yumo ndani ya mahindi. Ndiyo maana kola nyingine huzidisha vipimo mnyama akikaribia mpaka uliowekwa.

Ukimwona ndovu, pigia KWS simu, hata kama ana kola.