Jiko la Makaa Lisilale Ndani

Kijitabu cha nyumba kwa nyumba, Mukuru kwa Reuben

Kila mwaka baridi ya Juni ikiingia, sisi wa kliniki tunawajua wagonjwa kabla hawajafika. Familia imelala na jiko, mlango umefungwa, nyufa za mabati zimezibwa kwa matambara. Asubuhi jirani anabisha, haitikiwi. Humu mna mambo kadhaa kuhusu moshi, moyo na mapafu. Ukisahau mengine yote, shika hili: jiko la makaa lisilale ndani.

Kwa nini

Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana, isiyonuka wala kuwasha koo, kwa hiyo haimwamshi aliyelala. Chumba cha futi 10 kwa 10 hujaa upesi.

Mnayotuambia kila mara

"Moshi umeisha, yamebaki makaa mekundu tu." Moshi kuisha si sumu kuisha. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa.

"Niliweka sufuria ya maji kando." Maji hayainyonyi hewa hiyo.

"Ni yale mabonge ya vumbi la makaa, hayana moshi." Hayo ndiyo huwaka polepole usiku kucha, githeri ikichemka nanyi mmelala. Yatoeni nje.

"Niliacha dirisha wazi kidogo." Ploti nyingi hata dirisha hazina. Aliye nalo asilitegemee.

"Mtoto atapigwa na baridi." Mvalishe soksi na kofia, ongeza blanketi. Jiko la makaa lisilale ndani.

Mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja

Fungueni mlango, tokeni. Asiyeamka abebwe. Msipoteze muda kumnywesha maziwa: hayaondoi sumu hii, na aliyezirai hupaliwa. Mpelekeni hospitali hata akizinduka na kusema yuko sawa. Semeni wazi kwamba palikuwa na jiko, kwa sababu kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika hufanana na malaria, na mnaweza kurudishwa nyumbani na vidonge visivyohusika.

Moshi wa kila siku

Huu hauui usiku mmoja. Huleta kikohozi kisichoisha, huchochea pumu, humpa mtoto nimonia, na kwa watu wazima huchangia presha, mshtuko wa moyo na kiharusi. Wengi hushangaa tukitaja moyo, maana moshi wameuzoea machoni na kifuani tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Washa jiko nje, mbali na mlango wa jirani. Korido ya ghorofa si nje. Usipepee jiko na mtoto mgongoni. Usiwashe makaa kwa juala, kipande cha tairi wala kandambili kuukuu. Tunajua yanashika haraka, lakini moshi wa vitu hivyo ni mbaya kuliko wa makaa yenyewe. Ukitumia stovu ya mafuta ya taa, acha mlango wazi mpaka umalize. Takataka zisichomwe kati ya nyumba, hasa plastiki na nyaya. Mjamzito akae mbali na moshi wowote. Na chakula kikishaiva, jiko lisirudi ndani "kupasha chumba".

Gesi

Ni afadhali kuliko makaa, ukiweza: mtungi wa kilo 6, au ile ya mita unayolipia kidogo kidogo kwa simu. Lakini usijazishe mtungi kichochoroni. Moto wa gesi wa Mradi, Embakasi, Februari 2024, ulizuka mahali pa kujazia gesi ambapo EPRA, mamlaka ya nishati, ilikuwa imekataa kupapa kibali.

Viwanda na malori

Moshi wao nao msiuvumilie: Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Andikeni malalamiko kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, majirani wote pamoja.

Njoo kliniki

Mtoto akipumua mbiombio, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, mlete siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki 2 kipimwe TB pia. Usijiambie ni moshi tu. Mwenye presha asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Mwenye pumu pampu isikae mbali naye. Kifua kikibana na uchungu kushuka mkononi au kupanda shingoni, usingoje kukuche.