Tundu la Tatu la Soketi Lina Kazi Gani?

Vikundi kadhaa vya Kawangware na Kibera vimetuuliza juu ya pasi na majiko ya koili ambayo "yanashika" mtu akiyagusa. Wengine husema ni kawaida, ukivaa slipa haina neno. Si kawaida hata kidogo. Chuma cha nje cha pasi hakitakiwi kuwa na stima, na siku sakafu imelowa maji, slipa haitakuokoa.

Tazameni soketi zetu. Matundu mawili ya chini ni ya stima ya volti 240, moja kuileta na lingine kuirudisha. Lile la juu huunganisha chuma cha nje cha chombo na ardhi, kwa waya ambao mafundi huuita athi. Rangi yake ni kijani, au kijani chenye mistari ya njano. Waya wa moto ukichubuka ndani ya pasi ukagusa chuma, stima hupitia athi badala ya kupitia kwako.

Lakini tundu kuwepo si athi kuwepo. Katika ploti za zamani mara nyingi zilivutwa nyaya mbili tu, chumba hadi chumba, ili kupunguza gharama. Kisha zikafungwa soketi za matundu matatu kwa sababu ndizo zinazouzwa. Ukifungua, nyuma ya tundu la juu hakuna kitu. Na sote tunaujua ule mchezo wa kuchomeka kalamu hapo juu ili plagi ya pini mbili iingie! Chaja ya simu kwa kawaida haihitaji athi, lakini mtoto akiona kalamu leo, kesho atajaribu msumari.

Mita ya tokeni nayo si ushahidi. Katika miaka ya 2010 Kenya Power, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliunganisha nyumba nyingi za mitaa ya mabanda kwa shilingi 1,160. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, nyaya za ndani, kutoka mita kwenda vyumbani, ni juu ya mwenye ploti.

Fundi hupiga ardhini chuma kilichopakwa shaba, kama futi 4, mahali penye unyevu. Waya wa kijani hutoka hapo hadi boksi kuu, halafu hadi kila soketi. Kupiga chuma bila kuvuta waya huo wa tatu ni kazi bure.

Hata hivyo chuma peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme udongo wenu unatoa ukinzani wa omu 20. Gawanya volti 240 kwa 20, unapata ampea 12. Fyuzi ya ampea 30 haitakatika, na chombo kitabaki na stima. Kwa hiyo ulizeni dukani swichi iitwayo RCD ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Ikipungua njiani, inakata kabla hujahesabu moja. Hufanya kazi hata pasipo na athi, basi kama pesa ni kidogo, anzeni nayo. Ina kitufe cha kuijaribu. Bonyezeni kila mwezi.

Mkataeni fundi anayeunganisha athi na nyutro ndani ya soketi eti ni sawa tu. Nyutro ikikatika huko nje, pasi yote inakuwa na moto. Vilevile athi isifungwe kwenye mabati wala bomba la maji, maana jirani anayeanika nguo ndiye atakayerushwa.

Kwa walio na sambaza kule Kibera, hatutawadanganya: RCD ya chumbani italinda chumba, lakini haitalinda waya uliolala juu ya mabati ya watu.

Mpangaji mmoja akienda peke yake kudai, ataambiwa ahame. Nendeni kama kikundi, mumwone keateka kwanza, na mtake fundi mwenye leseni ya EPRA. Aonyeshe kadi.

Mkikutana, jadilianeni: Ni soketi ngapi katika ploti yetu zina waya wa tatu, na ni nani alizifungua akaona? Mwenye ploti akikubali nusu ya gharama, nusu nyingine itatoka kwa mchango gani, na mpangaji akihama katikati ya mwaka atarudishiwa nini?