Kompyuta yangu ya Linux haisemi

*Mimi ni mwalimu nisiyeona. Nimepewa kompyuta mpakato yenye Ubuntu, lakini iko kimya kabisa. Fundi ananiambia lazima ninunue programu ya sauti. Ni kweli?*
*Mwalimu, Morogoro*

Si kweli, Mwalimu, na usitoe hata senti moja. Unahofia kwamba umepewa mashine usiyoweza kuitumia, kumbe Ubuntu huja na Orca, programu ya bure ya kusoma skrini. Haijawashwa tu. Bonyeza kwa pamoja Alt, kitufe cha Windows na S, kisha subiri kidogo.

Ikibaki kimya, washa kompyuta upya ujaribu tena. Orca haitoi sauti yenyewe: husoma maandishi, Speech Dispatcher huyapokea, na eSpeak NG huyageuza kuwa sauti. Moja ikikwama, husikii kitu.

Ikishaanza kusema, bonyeza Insert na kitufe cha nafasi kufungua mipangilio ya Orca. Hapo utapunguza kasi na kuchagua Kiswahili, kwani eSpeak NG inakijua. Sauti yake ni ya kimashine, nakubali, lakini hutamka wazi hata ukiiharakisha, na ukishaizoea hutataka kwenda taratibu.

Siku ukihitaji kuweka mfumo upya, napendekeza Debian, aina nyingine ya Linux: ukisikia mlio kisakinishi chake kinapowaka, bonyeza S, kisha Enter, nayo itakusomea hatua zote bila msaada wa mwenye macho.

Kama Orca bado iko kimya na hata muziki haulii, tatizo liko kwenye spika au mipangilio ya sauti. Hapo ndipo umwite fundi.