Usiondoke Dirishani Kabla Hujaielewa Dawa Yako

Dawa iliyotengenezwa vizuri, ikaandikwa na daktari hodari, bado inaweza kumdhuru mgonjwa ikitumiwa isivyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua kampeni ya kupunguza madhara ya makosa ya dawa. Lilikadiria kwamba makosa hayo huigharimu dunia dola za Marekani bilioni 42 kila mwaka. Sehemu kubwa ya madhara hayo inazuilika, na mgonjwa mwenyewe ana nafasi ya kuyazuia.

Kosa la dawa laweza kutokea daktari anapoandika, mfamasia anapotoa, muuguzi anapochoma sindano au mama anapompa mtoto dawa nyumbani. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Foleni ni ndefu, mwandiko hausomeki, maelezo yanatolewa harakaharaka, na mgonjwa anaitikia "sawa" ilhali hajaelewa.

Soma bahasha ukiwa hapohapo

Bahasha nyingi za dawa huandikwa kwa kifupi: 1x3, 2x2. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge vya kumeza kwa mara moja. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1x3 ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo, na wapo wanaomeza asubuhi, mchana na jioni, kisha dawa ikapungua mwilini usiku kucha. Ukiambiwa kila baada ya saa 8, panga hivi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ina utaratibu wake. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 ndani ya siku 3. Jumla ni vidonge 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, haisubiri kesho. Aliyeanza saa 4 asubuhi atameza tena saa 12 jioni, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imeze pamoja na chakula au maziwa, maana mafuta huisaidia kuingia mwilini. Homa ikishuka siku ya pili, endelea mpaka umalize.

Zipo pia dawa zisizomezwa kila siku. Methotreksati, inayotolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki. Kuna waliopoteza maisha kwa kuimeza kila siku.

Dawa moja, majina mengi

Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni parasetamoli. Dawa hiyohiyo imo katika Panadol Extra na katika dawa nyingi za mafua. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sasa chukua mtu aliyeandikiwa parasetamoli 2x3. Kichwa kikizidi kumuuma, ananunua Panadol Extra dukani na kuimeza 2x3 pia. Anadhani anatumia dawa mbili tofauti, kumbe amemeza vidonge 12, gramu 6 kwa siku moja, na ini ndilo linaloumia. Kabla ya kununua, soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Majina yanayofanana nayo ni hatari. Karbamazepini ni ya kifafa. Karbimazoli ni ya tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi. Unapopokea dawa, taja ugonjwa wako na uulize kama hiyo ndiyo dawa yake. Vidonge vikija na rangi au umbo usilolizoea, uliza kabla ya kumeza.

Dawa ya maji ya mtoto

Sirapu ya parasetamoli haina nguvu moja. Ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 250 katika mililita hizohizo. Ukihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kubadilisha kipimo, umempa mtoto dawa zaidi ya mara mbili ya kiasi chake. Vijiko vya jikoni navyo havilingani: kijiko kikubwa cha chakula hubeba takriban mililita 15, mara tatu ya kile kidogo cha mililita 5. Omba kijiko cha kupimia au bomba la sindano lisilo na sindano, na umwambie mtoa dawa akuonyeshe mstari wa kuishia.

Taja kila unachotumia

Mweleze daktari kuhusu mzio, ujauzito, kunyonyesha, kufunga, dawa za asili na vidonge ulivyojinunulia. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mama asiyeelezwa anaweza kushika mimba asiyoipanga. Andika orodha ya dawa zako kwenye karatasi au simu, uende nayo kila kliniki. Ukiruhusiwa kutoka wodini, uliza: ipi ya zamani niendelee nayo, ipi niache?

Kwa watoa huduma

Hakikisha mambo matano: mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0, kwa kuwa nukta isipoonekana dozi huongezeka mara kumi. Neno "yuniti" kwa insulini liandikwe zima, maana kifupisho chake husomeka kama sifuri. Mwenzako akikosea, saidia kosa liripotiwe. Anayeogopa kuadhibiwa atalificha, na kesho litamkuta mgonjwa mwingine.

Kosa likishatokea

Aliyezidisha dawa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na paketi au chupa yake. Usimlazimishe kutapika. Usingoje dalili: parasetamoli iliyozidi inaweza kupita siku nzima bila dalili kubwa huku ini likiharibika, na tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Madhara ya dawa yaripotiwe kituo cha afya, au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania na Bodi ya Famasi na Sumu nchini Kenya.

Safari ijayo ukipewa dawa, rudia maelezo kwa sauti mbele ya aliyekupa: ni ya nini, kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi. Ukikosea, atakusahihisha hapohapo. Foleni iliyo nyuma yako isikutie haya. Kuielewa dawa yako ni haki yako.