Kufundisha Nywila kwa Njia ya Hesabu

Tukiwaambia wanafunzi kwamba nywila ya akaunti ya intaneti ni siri, pasipo kueleza sababu, watakariri tu. Yafaa tuanze ubaoni. Nywila ya tarakimu nne huweza kuundwa kwa njia 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Lakini anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa humwachia mwizi takribani miaka 100 tu ya kujaribu. Kisha tuchague maneno manne kwa kura, kila moja kutoka katika maneno 1,000: njia zafikia 1,000,000,000,000, na bado nywila hiyo hukumbukika.

Hatimaye, tusimwulize kamwe mwanafunzi nywila yake halisi, hata kwa ajili ya mfano. Mtoto aliyezoea kumtajia mwalimu atamtajia pia tapeli ajiitaye mwalimu.