Chokaa kwa Kuku Watagao

Wakulima wa Kitui na Makueni, ganda la yai na ganda la chaza wa baharini hufanywa kwa kitu kimoja: chokaa. Chaza huipata katika maji ya bahari. Kuku hana budi kuila. Ganda moja lina gramu 5 hivi za chokaa, na hujengwa hasa usiku. Mahindi na mtama havimtoshi. Akiikosa, huitoa katika mifupa yake mwenyewe. Mayai huvunjika njiani, na kuku hulemaa miguu.

Fanyeni hivi:

1. Chemsheni maganda ya mayai, yaanikeni, kisha yatwangeni yasitambulike, kuku wasije wakazoea kula mayai yao.

2. Au nunueni makombe ya pwani au mawe ya chokaa, yaliyosagwa kwa ajili ya kuku.

3. Wekeni katika chombo cha peke yake, hasa jioni. Kila kuku atakula kadiri ya haja yake.

4. Msiwape vifaranga, chokaa nyingi huharibu figo zao.

Angalieni: chokaa ya kupaka ukuta huunguza, si chakula.

Yai linalofika sokoni zima ndilo liletalo fedha.