Mafigo ya Mzee na Mashine ya Kusafisha Damu

Mwezi huu twataka kujifunza neno liletalo mashaka katika nyumba nyingi: mafigo ya mzee yakishindwa kazi, je, imepasa kila mara awekwe kwenye mashine?

Kwanza tujue kazi yake. Mafigo ni mawili, kila moja kadiri ya ngumi, nayo yako mgongoni chini ya mbavu. Huchuja damu mchana na usiku, na kutoa uchafu na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo. Yakishindwa, mwili huvimba, pumzi hubana, chakula hakitamaniki.

Mashine ya kwanza iliyowafaa watu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita. Alizungushia pipa la mbao mrija wa selofani, akaligeuza-geuza ndani ya maji ya chumvi. Damu ikapita mrijani, uchafu ukatoka. Wagonjwa wa kwanza karibu wote walikufa. Lakini mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67, aliyekuwa amezimia, aliamka, akaishi miaka kadhaa tena. Basi asiseme mtu kwamba uzee peke yake ni sababu ya kumnyima mgonjwa mashine.

Walakini tupambanue. Mafigo ya mama yule yaliugua ghafula, kisha yakarudia kazi yake. Kwa wazee wengi sivyo: yameharibika polepole kwa miaka mingi, hasa kwa kisukari na shinikizo la damu. Hapo mashine haiponyi figo, bali hufanya sehemu ya kazi yake tu. Kwa desturi mgonjwa huiendea mara 3 kwa juma, yapata saa 4 kila mara, maisha yake yote, asipopewa figo la mtu mwingine. Mzee mwenye nguvu aweza kupata faida kubwa. Lakini aliye dhaifu, mwenye maradhi mengine mazito, pengine haongezewi siku nyingi, na nyingi za hizo huzimaliza njiani na hospitalini.

Iko njia ya pili, yaani kutunzwa bila mashine: dawa za kupunguza uvimbe, mwasho, kichefuchefu na kubanwa pumzi, chakula kimfaacho, na watu wa kukaa naye. Huku si kumtupa mzee. Hata aliyekwisha kuanza mashine aweza kuiacha. Ila ajue wazi kwamba mara nyingi kifo hufuata kwa siku au majuma machache.

Kosa letu ni hili: wana hukutana uani, huhesabu fedha na kubishana, naye mzee yu ndani, hakuulizwa. Tena humficha ugonjwa wake, wakidhani ndiyo huruma. Na aulizwe mapema, akili zake zikiwa timamu: Baba, wazitakaje siku zako? Waogopa nini? Kisha tusikilize, hata jibu likitutoa machozi.

Maswali ya kufikiri:
1. Mashine hufanya nini, na nini haiwezi?
2. Katika nyumba yako, nani huulizwa kwanza mzee akiugua?